Kuyeyusha na Kusubu Mpira Nyumbani: Yanayopaswa Kufahamika kwa Mafundi wa Mbinga na Nyasa

Soli ya kiatu, gasketi ya pampu, washa ya bomba na boya la wavu ni vitu vidogo ambavyo, vikiharibika, husimamisha kazi kubwa. Katika Wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, fundi mwenye uwezo wa kuyeyusha mpira na kuusubu katika kalibu anaweza kutengeneza vitu hivyo bila kusubiri mzigo kutoka Songea au Dar es Salaam. Hata hivyo, si kila mpira huyeyuka, na baadhi ya vifaa vinavyofanana na mpira hutoa gesi yenye madhara vinapopata joto.

Neno mpira katika Kiswahili hubeba vitu vingi: tairi, ndala, bomba la kumwagilia bustani, hata mchezo wenyewe. Kikemia vitu hivyo si ndugu. Tairi hutengenezwa kwa mpira uliopikwa pamoja na salfa, mbinu iliyogunduliwa na Charles Goodyear wa Marekani mwaka 1839. Salfa hufunga minyororo ya molekuli kwa vifungo vya kudumu, hivyo tairi likitiwa motoni haliyeyuki bali huungua. Ndiyo maana makatambuga hukatwa kwa kisu kutoka kwenye tairi kuukuu na hayajawahi kusubiwa.

Elastoma za thamoplastiki ni jamii nyingine. Hunyumbulika kama mpira, lakini vifungo vyake huachia zikipata joto na kushikana tena zikipoa. Aina inayotumika sana, ya stirini na butadieni, iliingizwa sokoni na kampuni ya Shell katika miaka ya 1960, na hadi leo hutumika katika soli za viatu, vishikio vya zana na gundi. Jamii hii ndiyo inayofaa kwa kazi ya nyumbani.

Ndala nyepesi za sponji huwadanganya wengi. Sponji hiyo mara nyingi imeunganishwa kwa vifungo vya kudumu wakati wa kuumuliwa kiwandani, hivyo hairudi kuwa uji safi wa kusubiwa. Mfano mzuri uko Lamu nchini Kenya, ambako jahazi la Flipflopi lilikamilika mwaka 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Mbao zake zilitokana na taka za plastiki zilizoyeyushwa, lakini maelfu ya ndala zilizookotwa ufukweni hazikuyeyushwa. Zilikatwa vipande na kubandikwa juu ya mwili wa chombo.

Malighafi bora ni punje mpya zenye maelezo ya mtengenezaji. Anayetumia mabaki hana budi kuyapima kwanza, na vipimo vitatu vinatosha kuondoa hatari kubwa. Kipande kidogo kitiwe katika maji ya ziwa au ya bomba: elastoma nyingi za stirini huelea, ilhali vipande vya tairi na vya PVC huzama. Kisha sindano iliyopashwa moto iguse kipande hicho. Kikilainika na kunata, kinayeyuka, lakini kikiungua na kuacha masizi bila kulainika, kiwekwe kando. Kipimo cha mwisho hutumia waya wa shaba na hufanyika nje ya nyumba. Waya hupashwa hadi uwe mwekundu, huguswa kwenye kipande, kisha hurudishwa katika mwali. Mwali ukigeuka kijani, kipande hicho kina klorini, na hapo kazi isimame. PVC ikipata joto kali hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, ambayo ikikutana na unyevu wa macho, koo na mapafu hugeuka asidi. Mabomba ya maji, viatu vingi vya plastiki laini na ngozi bandia vimo katika kundi hilo.

Kipimo cha maji peke yake hakitoshi. Viwanda huchanganya chokaa na vijazo vingine vinavyoweza kuzamisha mpira mzuri, na sponji yoyote huelea kwa sababu ya hewa iliyomo ndani yake.

Kuhusu joto, maji yanayochemka hayafai. Mbamba Bay, iliyo kando ya ziwa lenye kimo cha takriban mita 475 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi joto 98. Mbinga mjini, juu katika milima ya Umatengo, huchemka chini ya hapo. Elastoma nyingi za stirini huhitaji takriban nyuzi 160 hadi 220, kutegemea aina. Kwa upande mwingine, makaa yaliyokolea huzidi nyuzi 600, kwa hiyo sufuria ikiwekwa moja kwa moja juu ya jiko, mpira wa chini huungua kabla wa juu haujalainika.

Njia ya kati ni mchanga mkavu. Sufuria kubwa hujazwa mchanga uliochekechwa na kukaushwa vizuri, kisha chombo kidogo chenye mpira hufukiwa ndani yake hadi karibu na ukingo. Mchanga husambaza joto polepole na, tofauti na mafuta ya kupikia ambayo wengine hupendelea, hauwaki moto. Kipimajoto cha jikoni kinachofika nyuzi 250 kina thamani kuliko kifaa kingine chochote katika kazi hii. Moshi ni dalili kwamba mpira umeanza kuharibika. Chombo kiondolewe mara moja kwenye joto. Chombo hicho kisirudi tena katika mapishi.

Anayetarajia mpira ulioyeyuka umiminike kama nta ya nyuki atashangaa. Huwa mzito, unavutika, na mara nyingi hukataa kuingia pembeni mwa kalibu kwa uzito wake tu. Viwandani husukumwa kwa mashine zenye nguvu. Nyumbani huwekwa katika nusu moja ya kalibu, ukafunikwa kwa nusu ya pili na kubanwa kwa jiliwa. Mchanganyiko wenye mafuta meupe ya madini ndani yake ndio pekee unaomiminika vizuri, na hufaa kwa vitu laini kama chambo bandia, lakini si kwa soli.

Kalibu ya alumini au ya silikoni inayostahimili joto hufaa zaidi. Ya udongo hufaa pia iwapo imechomwa na kukauka kabisa, kwani unyevu uliobaki hugeuka mvuke na kuurusha mpira wa moto usoni mwa fundi. Katika baridi ya Mbinga ya Juni na Julai kalibu ipashwe kwanza, vinginevyo mpira huganda kabla haujajaza umbo. Kitu kilichosubiwa husinyaa kidogo kinapopoa, hivyo kalibu ya gasketi itengenezwe kubwa kidogo kuliko kipimo kinachotakiwa.

Kwa wavuvi wa usipa na samaki wengine wa Ziwa Nyasa, elastoma isiyo na vijazo huelea, lakini si badala nzuri ya boya. Uzito wake unakaribia ule wa maji, na kipande kigumu hubeba mzigo mdogo sana kikilinganishwa na sponji ya ukubwa uleule. Ndala kuukuu iliyokatwa kwa kisu hubaki kuwa boya bora. Vyombo vya chakula, vizibo vya chupa za watoto na vitu vya kutafunwa visitengenezwe kwa mabaki.

Kazi ifanyike nje, mbali na nyumba za nyasi na watoto, fundi akiwa upande unakotoka upepo. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu ziwani, na cheche moja huweza kufika mbali. Siku kama hizo jiko lisiwashwe. Ndoo ya mchanga iwe karibu kwa ajili ya kufukia moto, na namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Mpira wa moto ukinata mwilini usibanduliwe. Sehemu hiyo imwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, bila kupakwa dawa ya meno, mafuta wala asali, kisha majeruhi apelekwe katika kituo cha afya mpira ukiwa bado umenata.

Fundi anayetaka kuuza bidhaa zake anaweza kupata ushauri wa teknolojia, kalibu na ujasiriamali katika ofisi ya Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) mkoani Ruvuma. Mabaki safi ya kazi yanaweza kuyeyushwa tena mara chache kabla ya kupoteza unyumbufu, mradi yatenganishwe kwa aina na kuhifadhiwa mbali na vumbi.