CHUNGWA LETU NA CHANDARUA CHAKE

Akina mama wenzetu, tunapoadhimisha miaka 10 ya kikundi chetu hapa Msimbazi, tumeona tuandike habari za chungwa. Hisa nyingi zilizoingia kwenye sanduku letu zimetokana na machungwa ya kumenya, na Muheza ndiyo imekuwa ikituletea.

Chungwa lina adui wa siku nyingi. Mwaka 1965, huko Afrika Kusini, wataalamu walithibitisha kwamba ugonjwa unaofanya machungwa yabaki na ukijani huenezwa na mdudu mdogo anayefyonza utomvu. Anatoka mti mgonjwa anakwenda mti mzima, kama mbu na malaria. Majani yanakuwa na mabaka ya njano, tunda linadumaa, linapinda na kuwa chungu. Dawa ya kuuponya mti haijapatikana.

Mdudu huyo wa Afrika hapendi joto, alisumbua zaidi milimani kwenye baridi. Lakini mwaka 2016 wataalamu walitangaza kuwa mwenzake wa Asia ameonekana Tanzania, na huyo joto analistahimili. Basi hapo ndipo Muheza na Pwani zinapoguswa, na sisi pia.

Moto wa Soko la Kariakoo wa Julai 2021 kila mtu aliuona. Ugonjwa huu hauna moshi. Mche unaweza kupendeza miezi mingi, kumbe umeshaambukizwa.

Wenzetu walifanyaje? Huko Brazil, jimbo la São Paulo liliagiza kuanzia mwaka 2003 kwamba miche ya michungwa ikuzwe ndani ya mabanda ya wavu tu. Waliogopa ugonjwa mwingine wa wadudu. Huu wa ukijani ulipoingia mwaka 2004, vitalu vyao vilikuwa tayari vimefunikwa. Florida, Marekani, ulikoonekana mwaka 2005, wapo wakulima wanaouvisha kila mti mchanga mfuko wake wa wavu.

Wavu wa banda huwa na matundu madogo kuliko chandarua cha mbu, na milango huwa miwili ili mdudu asipenye mtu anapoingia. Lakini wavu hauponyi, kazi yake ni kuzuia. Samaki mkunje angali mbichi.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba, katika miaka 10 ijayo, mwanachama akikopa kwa ajili ya miche ya michungwa, kwanza aulize: imelelewa ndani ya wavu au nje? Mche wa bei rahisi ukifa, deni linabaki.