Kona ya baleti nyumbani: Mzazi wa Lushoto aanze na sakafu, kioo kitafuata

Mtoto akianza kupenda baleti, wazazi wengi hufikiria kwanza viatu na kioo kikubwa. Lakini pesa ya kwanza inatakiwa iende kwenye sakafu. Hiyo ndiyo inayolinda magoti, vifundo vya miguu na mgongo wa mtoto anayeruka mara nyingi kwa wiki.

Nyumba nyingi za Lushoto, mkoani Tanga, zina sakafu ya saruji au vigae. Saruji hainepi hata kidogo, hivyo mtoto anapotua mshindo wote hurudi mwilini mwake. Vigae navyo huteleza. Kapeti siyo suluhisho, maana juu ya saruji linaongeza ulaini kidogo tu, na mguu unaweza kunasa wakati mtoto anazunguka.

Nafasi kiasi gani inatosha?

Siyo lazima kuwa na chumba kizima. Mraba wa mita 2.44 kwa 2.44 unamtosha mtoto mmoja kwa mazoezi mengi ya msingi. Kipimo hicho kinatokana na plaiwudi za dukani: shiti moja lina futi 8 kwa 4, na mashiti mawili yakilazwa ubavu kwa ubavu yanatoa mraba huo bila kukata.

Angalia na juu pia. Mtoto akiruka huku mikono imeinuliwa, asiguse taa wala boriti.

Kutengeneza sakafu inayonepa

Kwanza pima unyevu. Bandika kipande cha nailoni kwenye saruji, ziba kingo zote kwa gundi ya karatasi, uache siku nzima. Ukikuta matone chini yake, sakafu inapitisha maji. Tandika nailoni nzito eneo lote kabla ya kuweka mbao, la sivyo plaiwudi itavimba msimu wa masika.

Kisha fundi afuate hatua hizi:

1. Akate mbao 7 za inchi 2 kwa 2, kila moja futi 8. Azipange sambamba, katikati ya ubao mmoja hadi katikati ya mwingine iwe kama sentimita 40.
2. Chini ya kila ubao aweke vipande vya raba vya unene wa sentimita 1, kila baada ya sentimita 40. Hivi ndivyo vinavyoleta mnepo.
3. Alaze mashiti mawili ya plaiwudi ya milimita 12 kufuata urefu wa mbao. Kiungo cha katikati kikae juu ya ubao wa 4.
4. Juu yake alaze mashiti mengine mawili ya milimita 9, yakiwa yamegeuzwa ili kiungo chake kikatize kile cha chini.
5. Afunge kwa skrubu, siyo misumari. Misumari hulegea na kuchomoza. Vichwa vya skrubu vizame kidogo kwenye mbao.
6. Aache upenyo wa sentimita 1 kati ya sakafu na ukuta, kwa kuwa mbao hutanuka wakati wa mvua.

Mbao hazipaswi kuwa tatizo kubwa wilayani humu. Kuna Shamba la Miti Shume, na paina na saiprasi ni miti ya kawaida milimani Usambara. Chagua zilizokauka, zisizo na vifundo vikubwa na zilizowekwa dawa ya mchwa. Mbao mbichi zitapinda, na sakafu itaanza kuyumba.

Mwishoni piga msasa, na usipake vanishi inayong'aa wala polishi. Kabla mtoto hajaitumia, mtu mzima aruke mara kadhaa kila kona. Ikiyumba au ikilia, fundi arudie.

Wapangaji nao wanaweza kuitumia, maana haichimbiwi chini. Siku ya kuhama unafungua skrubu na kuondoka nayo.

Ufito wa kushikia

Walimu wa baleti huuita bare. Kazi yake ni kumsaidia mtoto kupata mizani, siyo kumbeba. Mwambie mapema kwamba haning'inii hapo.

Urefu wake hupimwa kwa mwili wa mtoto. Akisimama wima, kiganja kikae juu ya ufito karibu na kiuno, kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo na bega limeshuka. Kwa watoto wadogo mara nyingi hiyo huwa kati ya sentimita 75 na 85. Atakua, kwa hiyo acha nafasi ya kuupandisha.

Unene wa sentimita 4 hadi 5 unashikika vizuri. Mpini wa fagio ni mwembamba mno. Kama ukuta ni imara, ufito ukae sentimita 20 hivi kutoka ukutani. Nyumba ikiwa ya udongo, usitoboe ukuta. Mwombe fundi wa kuchomelea atengeneze stendi ya bomba yenye miguu mipana. Kwa kuanzia, kiti kizito ambacho mtu mzima amekikalia kinafaa.

Baridi, na hatari ya jiko

Mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti baridi ni kali. Misuli baridi huumia kirahisi. Mtoto atembee, arukeruke na kuzungusha viungo kwa dakika 10 kabla ya kunyoosha. Soksi ndefu zilizokatwa nyayo zinapasha miguu joto bila kuteleza.

Usiingize jiko la mkaa kupasha chumba. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Mtoto akilalamika kichwa kinauma, kizunguzungu au kichefuchefu, mtoe nje mara moja na muwahi kituo cha afya.

Kioo, viatu na simu

Kioo ni cha mwisho kwenye orodha. Kikiwekwa, kifungwe imara na kibandikwe filamu nyuma ili kikipasuka vipande visiruke.

Viatu laini vya ngozi au turubai vinatosha. Visipokuwepo, pekupeku ni salama kuliko soksi. Viatu vya kusimamia ncha za vidole usimnunulie kwa sababu tu ameviona mtandaoni. Walimu wengi husubiri hadi miaka 11 au 12, baada ya miaka kadhaa ya mafunzo, na mwalimu ndiye anayeamua.

Kama mwalimu yuko kwenye simu, iweke kimo cha kiuno na mbali kiasi cha kuonyesha mwili mzima mpaka nyayo. Makosa mengi huanzia miguuni.

Kama bajeti haitoshi

Mkenya Joel Kioko, aliyekulia Kuwinda jijini Nairobi, alipata somo lake la kwanza katika darasa la shule ya umma: kuta tupu, hakuna ufito, hakuna kioo, madawati yametolewa nje. Baadaye alifundishwa Dance Centre Kenya, na mwaka 2017 akajiunga na shule ya English National Ballet jijini London. Kibera pia, watoto wamefundishwa na Mike Wamaya katika darasa ambalo madawati yake husogezwa kupisha mazoezi.

Kwa hiyo mtoto anaweza kuanza leo kwenye saruji, kwa sharti moja: asiruke. Kukunja magoti taratibu, kunyoosha nyayo, kusimama kwa mizani na mikono vyote vinafanyika bila kuruka. Dakika 20, mara tatu kwa wiki, ni mwanzo mzuri. Akisikia maumivu ya goti au kifundo cha mguu yanayoendelea hadi kesho yake, apumzike na aonwe na mtaalamu wa afya. Kuruka kusubiri mpaka plaiwudi ifike.