Matusi na Vitisho Mbele ya Sheria: Habari za Mpakani Tunduma

Mji wa Tunduma umekaa juu ya mpaka uliotokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Julai 1890, na ng'ambo yake ni Nakonde, katika nchi ya Zambia. Wanyamwanga wako pande zote mbili, hata ndugu wa ukoo mmoja huwa chini ya dola mbili. Neno baya likitamkwa upande huu lasikika upande wa pili, lakini sheria ya kulihukumu hukoma katikati ya njia. Kwa sababu hiyo pembe hii ya nchi, ambayo tangu mwaka 2016 ni ya Mkoa wa Songwe, yafaa kutazamwa na mtu atakaye kujua jinsi watunga sheria walivyoshughulika na ulimi wa mwanadamu.

Waingereza walipoitwaa Tanganyika waliitumia kwanza Kanuni ya Adhabu ya Bara Hindi ya mwaka 1860. Mwaka 1930 ikaja kanuni nyingine, na tarehe 28 Septemba 1945 ikaanza ile tunayoijua kwa jina la Sura ya 16. Kifungu chake cha 89 chamwadhibu kwa kifungo cha miezi 6 mtu atukanaye kwa namna iwezayo kuleta uvunjaji wa amani. Msomaji aangalie kwamba kifungu hicho hakikuorodhesha matusi. Kipimo chake ni amani, wala si neno.

Sijui kama mwandishi wa kifungu alikusudia, lakini kipimo hicho kilifaa sana katika nchi yenye utani. R. E. Moreau aliandika habari za utani wa Tanganyika mwaka 1944, akaonyesha jinsi makabila yaliyopigana zamani, au yaliyokutana katika safari za misafara, yalivyogeuka kuwa watani. Mtani aweza kumtolea mwenziwe maneno ambayo yakitoka kinywani mwa mgeni yangeleta magumi. Msibani hufanya mzaha mbele ya wafiwa, na hakuna akasirikaye. Hakimu apimaye neno peke yake angemfunga mtu huyu kwa kutimiza wajibu wake. Na kinyume chake, jambo lisilo tusi laweza kuwasha moto: mwezi wa Aprili 2013 ugomvi juu ya nani achinje nyama ulifika Tunduma hata polisi wakatumia mabomu ya machozi.

Kwa vitisho sheria ilikuwa kali zaidi. Atishiaye kumdhuru mtu au kumchomea mali alipasiwa kifungo cha mwaka 1, na akitenda usiku, miaka 2. (Aliyelala katika nyumba ya nyasi hahitaji kuelezwa kwa nini usiku uliongezewa.) Barua ya kutishia kuua ilifikia miaka 7.

Lakini kuna kitisho kisichotaja rungu wala moto. Mkulima wa Mbozi aliyeambiwa na jirani yake, "Utaniona," hana jeraha la kumwonyesha hakimu, ila usingizi umemtoka. Hapo ndipo ilipoingia Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, iliyofanya kumtishia mtu kwa uchawi kuwa kosa lenyewe. Watu walioitunga wengi hawakuuamini uchawi. Walichokiamini ni hofu, na hofu ilikuwa mbele ya macho yao. Ila walimpa pia mkuu wa wilaya uwezo wa kumhamisha mshukiwa akakae mahali pengine, na kwa maoni yangu hapo walikosea, maana hofu ya wengi ikawa yatosha kumtoa mtu kwao.

Simu ilikibadili kipimo. Ujumbe usomwao chumbani na mtu mmoja hauvunji amani ya soko. Ndiyo maana sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010 ilishika nia ya mtumaji, yaani nia ya kuudhi, kutukana au kutisha. Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2015, ikafuata njia hiyo: amtumiaye mwenziwe ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumsumbua hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Tusi la sokoni liliwekewa dari ya miezi 6. Kitisho cha simuni kikawekewa sakafu, na sakafu hiyo iko juu ya dari ile. Mtani naye aandikapo, kicheko chake hakionekani. Imebaki kwa hakimu kukitafuta.

Zambia ilitunga sheria yake ya mtandao mwaka 2021, ikaibadili kwa sheria mbili mwaka 2025. Basi mama mchuuzi wa Tunduma, aliyemkopesha mtu mahindi na kujibiwa kwa ujumbe wa kumtisha, hataulizwa kwanza ameandikiwa nini. Ataulizwa aliyeandika alikuwa amesimama upande gani wa barabara.