Sanduku la Masta (Sehemu ya 3)

*Ilipoishia: Mama Neema, mfanyabiashara wa nyanya Ilula, amenunua masta (kanda halisi) za filamu 40 za zamani kutoka Dar es Salaam bila kuziona. Mkataba unampa siku saba za kukagua.*

Zilibaki saa nne tu siku ya saba iishe.

"Shangazi, hebu njoo uone," Tumaini aliita.

Filamu tano za kwanza hazikuwa na neno: kanda zenyewe za kamera, na hati za haki zimesainiwa na watayarishaji. Kuanzia ya sita, kila picha ilikuwa na nembo ya msambazaji pembeni. Zilinakiliwa kwenye DVD, zilezile zilizokuwa zikitembezwa stendi. Hati? Hakuna hata moja.

"Wamenipangia nyanya nzuri juu ya tenga," alisema Mama Neema. Yeye, ambaye halipi mkulima yeyote kabla ya kupindua tenga!

Wakili wake wa Iringa mjini alipokea simu haraka.

"Dada, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inakulinda. Ulinunua bila kuona, kwa hiyo huhesabiwi umepokea mali mpaka upate nafasi ya kuikagua. Mwandikie muuzaji leo kwamba unaikataa. Wala si kazi yako kuisafirisha, aifuate mwenyewe."

"Naandika sasa hivi."

"Ila hujauza hata moja? Hujaionyesha popote? Ukishaitumia kama mwenye mali, umeipokea. Huwezi tena kuikataa."

"We! Sanduku halijatoka humu ndani."

Tumaini aliandika huku shangazi yake akimsomea maneno. Alipofika kwenye sentensi ya mwisho, *hakuna filamu hata moja iliyotumika*, vidole vyake vilisita. Mama Neema akadhani kijana amechoka. Akaichukua simu, akatuma mwenyewe.

Muuzaji hakuchelewa kujibu. Alituma picha: ubao wa kibanda cha video, Makambako, jina la filamu ya nne limeandikwa kwa chaki, kiingilio shilingi 500, tarehe ya juzi. Chini yake aliandika: *Mama, kabla hujaenda kwa wakili, waulize waliolipa kiingilio.*

Mama Neema alimgeuzia Tumaini kioo cha simu.

"Nani amepeleka hii?"

Kijana alimeza mate.

"Shangazi, nisamehe. Si hiyo peke yake."

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*