Namna kumbukumbu za nyendo za tembo zinavyobanwa

MKOA wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 na makao makuu yake kuwa Mpanda, una Hifadhi ya Taifa ya Katavi yenye ukubwa wa kilometa za mraba 4,471. Tembo hawatambui mipaka. Hupita katika misitu na mashamba ya vijiji. Kuzijua shoroba zao mapema ni kuokoa mazao na maisha ya watu.

Nyenzo mojawapo inayotumika nchini ni kola ya GPS, ambayo huandika mahali alipo tembo na kutuma taarifa kupitia setilaiti. Kila ujumbe hupunguza nguvu ya betri. Ikiisha, tembo hulazimika kupigwa tena sindano ya usingizi ili abadilishiwe kola, kazi yenye gharama na hatari kwa mnyama na wataalamu.

Ndiyo sababu ya kubana data. Bila kubanwa, latitudo, longitudo na wakati huweza kuchukua baiti 8 kila kimoja, yaani baiti 24 kwa kipimo. Ujumbe mfupi wa setilaiti za Iridium hauzidi baiti 340, hivyo hubeba vipimo 14 tu.

Njia ya kwanza ni kupunguza desimali. Desimali 5 zinatosha, kwani tofauti ya 1 katika tarakimu ya mwisho ni takriban mita 1.1 ardhini. Namba hiyo huenea katika baiti 4.

Njia ya pili ni kuandika tofauti kati ya kipimo na kilichotangulia. Baiti 2 za latitudo na 2 za longitudo hutosha kwa mwendo wa kilometa 36 kila upande, ambao tembo hawezi kuufikia kwa saa moja. Vipimo vikiwa vya kila saa, wakati huandikwa mara moja tu. Saa iliyokosa kipimo hupewa alama maalumu. Kipimo cha kwanza huchukua baiti 12, na ujumbe uleule sasa hubeba vipimo 83.

Njia ya tatu, ya Douglas na Peucker iliyochapishwa mwaka 1973, hufuta vipimo vilivyo karibu na mstari mnyoofu. Hii hupoteza taarifa: tembo aliyesimama usiku kucha kando ya shamba huweza kuonekana kama aliyepita tu. Kwa hiyo hufaa kwa kuchora ramani, wakati kumbukumbu asilia zikiendelea kuhifadhiwa.