Nani Mwenye Maji ya Ziwa Mweru?

Askari polisi anayeandika maelezo ya shahidi kituoni anatenda kazi ambayo kwenye mwambao wa Ziwa Mweru, huko Nchelenge nchini Zambia, zamani ilitendwa bila kalamu. Yalikuwako masimulizi. Yanasema kwamba Nkuba, mtawala wa Washila, alimwua mtoto wa dada yake, Nachituti. Mama huyo alimwendea Mwata Kazembe wa Walunda, na Nkuba alipokwisha kushindwa, akamkabidhi Mwata kikapu cha udongo na chungu cha maji. Nchi na maji vikawa vya Kazembe. Mtu wa mjini aweza kukiita kisa hicho hekaya tu. Kwa wavuvi wa Mweru kilikuwa hati ya milki, na wazee walikitaja maji yalipogombewa.

Kisha wakoloni wakaja na vitabu vyao. Mwaka 1899 majeshi ya Waingereza yaliuchoma mji wa Kazembe. Mwaka 1929 serikali yao ikatunga sheria ya mahakama za wenyeji. Mahakama hizo ziliruhusiwa kufuata mila, mradi mila isipingane na haki ya asili wala maadili. Mradi! Neno hilo dogo lilibeba dola nzima, kwa kuwa aliyeipima haki hiyo ya asili alikuwa Bwana Shauri wa Kiingereza. Juu yake zilikaa sheria za Uingereza pamoja na kanuni za insafu, zile zilizobuniwa kulainisha ukali wa sheria, kama zilivyokuwa tarehe 17 Agosti 1911. Zambia huru ilizirithi pamoja na tarehe yake.

Lakini lipo jambo ambalo daftari za mahakama za wenyeji haziwezi kulionyesha. Mahakama hizo hazikuwa na mamlaka juu ya Wazungu. Wafanyabiashara wa Kigiriki walinunua samaki wa Mweru na Luapula. Mvuvi aliyepunjwa na mmoja wao hakuweza kumshitaki mbele ya chifu wake. Basi mtafiti anayezisoma daftari hizo asishangae kuwakuta wanavijiji wakishitakiana wao kwa wao, bila mnunuzi kuonekana popote. Dai dhidi ya mnunuzi litafutwe katika majalada ya Boma, kule Kawambwa, ikiwa mvuvi alithubutu kufika huko na karani akakubali kuliandika.