Uwanja wa ndege wa Eldoret: mbona ndege za mizigo huja zimejaa na kuondoka tupu?

Kila tunapojadili bei ya mazao hewani, hakukosi msikilizaji wa kupiga simu na kuuliza swali hili: tuna uwanja wa ndege wa kimataifa hapa Eldoret, na ndege kubwa za mizigo tunaziona zikipita juu ya mapaa yetu, basi mbona maua na mboga za huku bado hupelekwa Nairobi kwa lori ndipo vipakiwe kwenye ndege? Wengi huamini ni siasa tu. Siasa haikosi, lakini sehemu kubwa ya jibu iko kwenye hewa ya huku juu, urefu wa lami na hesabu za mwenye ndege. Makala haya yanaeleza uwanja huu unavyofanya kazi, nani anautumia, na kwa nini mkulima wa North Rift bado hajaufaidi kama ilivyotarajiwa.

Uwanja wenyewe

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Eldoret uko takriban kilomita 16 kusini mwa Eldoret, ukifuata barabara ya Kapsabet na Kisumu. Ulijengwa katikati ya miaka ya 1990, wakati wa utawala wa Rais Daniel arap Moi, na ukaanza kazi mwaka 1997. Unasimamiwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege nchini, KAA.

Tangu mwanzo uwanja huu ulizua mabishano. Wakosoaji walisema ni mradi wa kifahari uliopelekwa nyumbani kwa rais, na kwamba Nairobi na Mombasa zilitosha. Waliouunga mkono walisema Bonde la Ufa la kaskazini na magharibi ya Kenya haliwezi kukua ikiwa kila kitu lazima kipitie Nairobi. Baada ya miaka hii yote, pande zote mbili zina hoja.

Siku moja uwanja huu ulionyesha faida yake kwa taifa zima. Moto ulipoteketeza jumba la abiria wanaowasili katika uwanja wa Jomo Kenyatta, JKIA, tarehe 7 Agosti 2013, ndege zilizokuwa njiani zilielekezwa kwingine, na Eldoret ikawa miongoni mwa viwanja vilivyozipokea. Nchi yenye lango moja tu hukwama lango hilo likifungwa.

Safari za abiria

Kwa abiria, Eldoret ni uwanja wa safari za ndani. Njia kuu ni moja: Eldoret na Nairobi. Jambojet husafirisha abiria kutoka JKIA, na Skyward Express kutoka Wilson. Ndege zinazotumika ni za mapangaboi, ile kubwa ya Jambojet ikiwa na viti visivyozidi 80. Safari huchukua chini ya saa moja, ilhali kwa barabara ni zaidi ya kilomita 300, na msongamano ukikukuta kwenye barabara kuu ya Nakuru, siku nzima imekwisha. Kwa miaka kadhaa kumekuwa pia na safari za kuunganisha Eldoret na Lodwar, ambazo ni muhimu kwa wafanyabiashara na wafanyakazi wa misaada wanaoenda Turkana.

Anayepanda ndege hizo si tajiri wa kustarehe tu. Kuna daktari anayekuja Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Moi, wakili mwenye kesi asubuhi, na mfanyabiashara anayetaka kurudi nyumbani jioni hiyohiyo. Kuna pia wanariadha. Iten na Kaptagat, kambi ambazo dunia nzima huzijua, ziko karibu, na wakimbiaji wa kigeni wanaokuja kufanyia mazoezi kwenye miinuko hupitia hapa. Mshindi wa medali akirudi, jamaa humsubiri nje kwa nyimbo na kibuyu cha mursik. Hoteli, nyumba za kupangisha na madereva wa teksi wa Iten wanajua vizuri kwamba sehemu ya riziki yao hushukia kwenye lami hii.

Mizigo inayoingia

Upande wa mizigo ndio ulioupa uwanja huu jina. Kwa miaka mingi Eldoret imepokea ndege za mizigo kutoka Ghuba, hasa Dubai na Sharjah, zikileta simu, vifaa vya elektroniki, nguo, viatu na vipuri. Boeing 747 zimewahi kutua hapa.

Utaratibu wake ni huu. Wafanyabiashara wadogo huungana kupitia wakala anayekusanya shehena zao huko ng'ambo na kuzisafirisha pamoja. Ndege ikitua, mizigo huingia kwenye ghala la forodha. Maafisa wa ushuru wa KRA hukagua hati na mzigo wenyewe, KEBS huangalia ubora, na ikiwa ni mimea, mbegu au mazao, KEPHIS huingia pia. Ushuru ukilipwa, mzigo hupakiwa kwenye lori.

Sasa, lori hilo linaelekea wapi? Baadhi ya bidhaa hubaki kwenye maduka ya Eldoret, Kitale na Bungoma. Lakini sehemu kubwa huenda Nairobi, Eastleigh na kwingineko. Kwa hiyo mji hupata kazi za wapakiaji, mawakala, madereva na walinzi wa maghala, ila faida kubwa ya biashara yenyewe huishia kwingine.

Kisha ndege, ikiwa tupu au karibu tupu, hupaa na kwenda Nairobi. Huko hujazwa maua na mboga, ikaendelea na safari ya Ulaya au Ghuba. Hapo ndipo swali la wasikilizaji wetu linapoanzia.

Sababu ya kwanza: kimo

Uwanja wa Eldoret uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, karibu moja ya tano pungufu kuliko ile ya Mombasa. Wepesi huo ndio unaowafaa wakimbiaji wetu, lakini kwa ndege nzito ni mzigo. Mabawa hubebwa na hewa, na injini huhitaji hewa ili kutoa nguvu. Hewa ikiwa nyepesi, ndege lazima ikimbie kwa kasi zaidi na kwa umbali mrefu zaidi kabla ya kuinuka. Jua la mchana likipasha lami joto, hali huwa ngumu zaidi.

Linganisha na JKIA. Nairobi iko mita 1,624 juu ya bahari na barabara yake ya kurukia ina urefu wa mita 4,117. Barabara ya Eldoret ina takriban mita 3,475. Kwa hiyo sisi tuko juu zaidi kwa karibu mita 490, na lami yetu ni fupi kwa zaidi ya mita 600. Ndege inayobeba mzigo kamili pamoja na makumi ya tani za mafuta ya kufika Ulaya bila kusimama haiwezi kupaa hapa kwa uzito huo. Rubani hulazimika kupunguza mafuta au mzigo, na mwenye ndege hataki kupunguza kimojawapo.

Kuja hapa na mzigo kunawezekana kwa sababu ndege inapotua imekwishachoma sehemu kubwa ya mafuta yake. Kuondoka tupu hadi Nairobi pia ni rahisi, maana safari hiyo fupi huhitaji mafuta kidogo. Ndiyo maana tumezoea kuona ndege ileile ikiingia nzito na kutoka nyepesi.

Sababu ya pili: wingi na ratiba

Hata lami ingerefushwa kesho, ndege ya aina ya 747 hubeba takriban tani 100. Canter ya mkulima hubeba tani tatu au nne. Zinahitajika canter zipatazo 25 au zaidi, zote zifike siku moja, mazao yakiwa ya ubora mmoja, na ifanyike hivyo tena wiki ijayo na inayofuata. Mnunuzi wa ng'ambo hanunui ahadi. Anataka rafu yake ijae kila siku.

Nairobi ina faida nyingine isiyoonekana kwa urahisi. Ndege kubwa za abiria zinazotoka JKIA hubeba mizigo kwenye tumbo lake, chini ya miguu ya abiria. Mkulima mwenye kilo 500 za maharagwe mabichi anaweza kupata nafasi humo. Eldoret haina ndege hizo. Hapa ni ama ujaze ndege nzima, ama upande lori. Mashamba ya maua ya eneo hili yamechagua lori lenye jokofu, na kwa hesabu zao hawajakosea.

Sababu ya tatu: baridi

Ua au mboga huanza kuzeeka mara tu inapokatwa. Kutoka shambani hadi mlangoni mwa ndege, lazima iwe kwenye baridi isiyokatika: chumba cha baridi cha shamba, lori lenye jokofu, ghala la baridi la uwanja. Kiungo kimoja kikikatika kwa saa chache juani, mzigo wote unaweza kukataliwa huko uendako. Ghala la baridi nalo halilipi gharama zake likitumika mara mojamoja. Ndege hazipakii kwa kuwa mazao hayafiki kwa wingi, na mazao hayafiki kwa kuwa hakuna ndege ya uhakika. Ni kama kuku na yai.

Si kila zao ni la ndege

Hapa wengi hukosea, wakiwemo wanasiasa wanapohutubia. Mahindi na ngano, fahari ya Uasin Gishu na Trans Nzoia, hayatapanda ndege kamwe. Thamani yake kwa kilo ni ndogo mno kulipia nauli ya anga. Parachichi, ambalo wakulima wengi wamelipanda miaka hii, husafiri zaidi kwa meli ndani ya kontena zenye baridi, kwa kuwa linavumilia wiki kadhaa baharini na gharama yake ni nafuu. Mkulima wa parachichi anapaswa kuuliza habari za bandari ya Mombasa kabla ya kuuliza za uwanja wa ndege.

Kinachofaa ndege ni kitu chepesi, cha bei ya juu na kinachoharibika haraka: maua, maharagwe mabichi, njegere za maganda, viungo vya majani mabichi, na nyama iliyopozwa. Hiyo ya mwisho tusiipuuze. Kenya tayari huuza nyama ya mbuzi na kondoo kwa ndege katika nchi za Ghuba, na mifugo wa Pokot Magharibi, Turkana na Baringo hawako mbali na hapa. Tena Dubai si Ulaya. Safari ya huko ni fupi, mafuta yanayohitajika ni machache, na kwa hivyo tatizo la kimo hupungua. Ndege zinazotuletea simu zinatoka hukohuko na zinarudi hukohuko. Kinachokosekana ni nyama yenyewe ikiwa tayari: kichinjio kilichoidhinishwa kwa soko la nje, cheti cha halali kinachokubalika, daktari wa mifugo wa kukagua, na baridi hadi kwenye ndege.

Kwa anayetaka kuanza

Usianze na ndege, anza na mnunuzi. Ukishampata, jiungeni kikundi au chama cha ushirika ili mfikishe kiasi anachotaka. Kwa mboga na matunda, jisajilini na idara ya serikali inayosimamia mazao ya bustani, HCD, kisha mtafute cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS. Hakikisheni dawa mnazopuliza zinaruhusiwa katika nchi mnakouza, maana mabaki ya dawa hurudisha mizigo mingi. Halafu tafuteni wakala wa forodha, mumwombe awapigie hesabu mbili kwa maandishi: kupitia Nairobi kwa lori, na kupitia Eldoret. Linganisheni gharama kwa kilo, si kwa safari.

Maswali ya kuwauliza viongozi

Mpango wa kurefusha barabara ya kurukia ndege umetajwa mara nyingi, na utatajwa tena kila msimu wa kura. Lami ndefu itasaidia kweli. Lakini kama maelezo haya yanavyoonyesha, lami peke yake haijazi ndege. Safari ijayo ahadi hiyo ikitolewa mbele yenu, msikilizaji, ulizeni mambo matatu. Majirani ambao mashamba yao yatachukuliwa watalipwa lini, kabla ya trekta kuingia au baada? Ghala la baridi litakuwa la nani, na mkulima mwenye kilo 500 ataruhusiwa kulitumia? Na siku ndege itakapokuwa tayari kwenda Dubai, ni tani ngapi, za zao gani, zitakuwa zikisubiri kwenye ghala hilo?

Kiongozi mwenye jibu la swali hilo la tatu ndiye aliyefanya kazi yake.